Wikiendi ya opera Dodoma: mwongozo kamili wa usiku mmoja na siku mbili zinazouzunguka

Tanzania haina jumba la opera, ile tamthilia inayoimbwa mwanzo hadi mwisho au karibu yote, ikisindikizwa na okestra. Mkazi wa Dodoma anayetaka kuketi mbele ya jukwaa lenyewe na kusikia okestra ikilinganisha vyombo vyake kabla ya pazia kufunguliwa hulazimika kufikiria Cairo, ambako jumba la sasa lilifunguliwa mwaka 1988, au Cape Town, na hesabu ya nauli peke yake huwakatisha wengi tamaa kabla hata hawajaulizia viza. Ipo njia nyingine, nayo ndiyo ninayoieleza hapa: kuwaalika ndugu na marafiki, hasa walioko Dar es Salaam na Morogoro ambao sasa wana treni ya kisasa, wafike Dodoma Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili alasiri, kisha Jumamosi usiku kuwaonyesha opera nzima iliyorekodiwa jukwaani, kwenye kitambaa kikubwa cheupe na kwa sauti inayosikika vizuri.

Nimefanya hivyo mara nne. Mara ya kwanza umeme ulikatika, mara ya pili nusu ya wageni walilala, na mara mbili za mwisho watu waliondoka wakiulizana lini tena. Tofauti kati ya zile mbili na hizi haikutokana na ubora wa waimbaji. Ilitokana na mambo ya nyumbani yaliyofanyika au yaliyosahauliwa kabla ya taa kuzimwa: hadithi ilivyoelezwa, chakula kilivyopangwa, na kilichokuwamo ndani ya mita ya umeme. Kwa hiyo mwongozo huu utatumia muda mrefu kwenye maandalizi, na msomaji asishangae nikipita haraka kwenye mambo ambayo vitabu vya utalii huyapa kurasa nyingi.

Tarehe

Anza na kalenda ya Bunge. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, na katika majuma hayo nyumba za wageni za Area C, Area D, Kisasa na Ilazo hujaa, bei hupanda, na mgeni aliyekuja kwa ajili ya muziki hujikuta akigombea chumba na msafara wa wizara. Mikutano mingine ni mifupi, lakini nayo iangalie kabla hujatoa mwaliko.

Kisha fikiria mvua. Dodoma haina mvua nyingi, lakini ile inayokuja kati ya Desemba na Aprili ikianguka juu ya bati hufunika kila kitu, na opera ina nyakati ambazo mwimbaji hushusha sauti hadi ikawa kama mnong'ono. Dakika kumi za mvua juu ya bati zinaweza kufuta ukurasa mzima wa hadithi. Mimi huchagua Agosti au Septemba. Hakuna mvua, usiku una baridi ya kutosha kuwafanya watu wakae karibu karibu, na ndio wakati wa mavuno ya pili ya zabibu, kwa kuwa mzabibu wa hapa huzaa mara mbili kwa mwaka. Waambie wageni wa Dar mapema kwamba waje na sweta, kwa sababu hawaamini hadi wafike.

Opera ipi

Kosa la wapenzi wapya ni kuchagua opera kwa sababu ya wimbo mmoja waliousikia kwenye tangazo. Chagua kwa kuangalia hadithi, urefu, na watu watakaokuwapo. Usianze na Richard Wagner. Ile kazi yake kubwa ya Pete ya Nibelung imegawanywa katika usiku minne na huchukua takriban saa 15, na anayewaanzishia wageni wake hapo atakuwa amewaalika kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Kama watakuwapo watoto wa shule, chagua Die Zauberflöte, yaani Filimbi ya Ajabu, ya Mozart, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 30 Septemba 1791, miezi miwili na siku chache kabla mtunzi hajafariki. Ina mtega ndege anayepuliza filimbi yake ya mianzi, ina joka, na ina malkia mwenye hasira anayepanda kwenye noti za juu kiasi kwamba watoto huanza kumwigiza papo hapo. Kama wageni wako ni watu wazima waliokwisha kuhudhuria vikao vya ndoa, La traviata ya Giuseppe Verdi itawagusa. Baba anakwenda kumwomba mwanamke amwache mwanawe, kwa sababu jina la mwanamke yule litaharibu posa ya binti wa familia, naye mwanamke, ambaye tayari ana kifua kikuu, anakubali. Hakuna Mtanzania anayehitaji kufafanuliwa kikao hicho. Opera hiyo ilipoonyeshwa mara ya kwanza Venezia tarehe 6 Machi 1853 haikupokewa vizuri. Leo ni miongoni mwa zinazoonyeshwa mara nyingi zaidi duniani.

Kwa usiku wa kwanza kabisa, hata hivyo, mimi husimama na Carmen ya Georges Bizet. Ilionyeshwa Paris tarehe 3 Machi 1875, ikawashtua watazamaji wa siku hizo, na Bizet akafariki miezi mitatu baadaye akiwa na miaka 36 bila kujua itakavyokuja kupendwa. Muziki wake una ngoma ndani yake, hadithi inakwenda mbele bila kuzunguka, na yote huchukua chini ya saa tatu ukiondoa mapumziko. Pia imeshathibitisha kwamba inahama bila kupotea: wasanii wa Afrika Kusini waliihamishia Khayelitsha, wakaiimba kwa Kixhosa, na filamu yao, U-Carmen eKhayelitsha, ikatwaa Dubu wa Dhahabu katika tamasha la Berlin mwaka 2005. Tahadhari moja: Carmen inaisha kwa mwanamume kumuua mwanamke aliyemkataa. Watoto wawe wamekwisha kulala, na kama kuna mgeni ambaye jambo hilo linamgusa kwa namna ya karibu, mwambie kabla, faraghani.

Maonyesho kamili yanapatikana kihalali na bila malipo kwenye OperaVision, mtandao ulioanzishwa mwaka 2017 kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, ambao huweka maonyesho ya majumba mbalimbali kwa miezi kadhaa kisha huyaondoa na kuleta mengine. Hakikisha uliloliona Juni bado litakuwapo Agosti. Yana maandishi ya tafsiri chini ya picha kwa lugha kadhaa, Kiingereza kikiwamo. Kiswahili hakimo, na pengo hilo ndilo linalozaa kazi kubwa kuliko zote katika mwongozo huu.

Karatasi ya hadithi

Andika hadithi nzima kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja, toa nakala, na mpe kila mgeni siku ya Ijumaa, au mtumie kwa simu kabla hajapanda treni. Wapo wanaodhani kwamba kujua mwisho kunaharibu raha. Kwa opera ni kinyume, maana mtu anayesoma maandishi ya chini kwa bidii hana macho ya kumtazama mwimbaji, na anayejua tayari kwamba karata zitatabiri kifo huisikia ile sehemu kwa mwili wote.

Wasaidie pia kuzitambua sauti, na hapa kwaya zetu zimekwisha kufanya kazi. Karibu kila mtu wa Dodoma ameimba, au ameishi na mtu aliyeimba, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne. Katika Carmen, Micaëla, binti mpole wa kijijini, ni sauti ya kwanza. Don José, askari, ni sauti ya tatu. Escamillo, mpigana na mafahali, yuko kwenye sauti ya nne. Carmen mwenyewe amewekwa chini kidogo ya sauti ya kwanza, karibu na ya pili, na ukishawaambia watu hivyo wataanza kusikia kwa nini hafanani na mashujaa wengine wa kike ambao huimba juu kabisa.

Karatasi yangu husomeka hivi, na unaruhusiwa kuichukua:

Sehemu ya kwanza. Sevilla, Hispania, uwanja ulio mbele ya kiwanda cha tumbaku. Micaëla anamtafuta José. Ameleta barua na salamu za mama yake. Wafanyakazi wa kiwandani wanatoka kupumzika na wanaume wote wanamtazama Carmen, ambaye anaimba kwamba mapenzi ni ndege asiyefugika. José peke yake hamtazami, naye Carmen anamtupia ua. Baadaye unazuka ugomvi kiwandani, Carmen anamjeruhi mwenzake kwa kisu, na José anaamriwa ampeleke gerezani. Njiani anamwachia akimbie.

Sehemu ya pili. Kilabuni, usiku. Escamillo anaingia kwa kishindo na kuimba kuhusu uwanja wa mafahali. Huu wimbo mnaujua hata kama hamjui kwamba mnaujua. José anatoka kifungoni alikowekwa kwa sababu ya Carmen. Anamwonyesha lile ua, limekauka, amelitunza muda wote. Tarumbeta ya kambi inaita. Carmen anamcheka kwa kutaka kurudi. Mkubwa wake wa kazi anatokea, wanagombana, na José hana tena njia ya kurudi jeshini. Anafuatana na wafanya magendo.

Sehemu ya tatu. Milimani. Mapenzi yamechoka. Wanawake watatu wanapiga ramli kwa karata: wawili wanapata mume na mali, Carmen anapata kifo, anarudia, anapata kifo. Escamillo anafika, anapigana na José. Micaëla naye anafika, amekuja kumwambia José kwamba mama yake yuko mahututi. José anaondoka, lakini anaahidi kurudi.

Sehemu ya nne. Nje ya uwanja wa mafahali. Ndani watu wanamshangilia Escamillo. Nje José anamsihi Carmen warudiane. Carmen anasema alizaliwa huru na atakufa huru, anamrudishia pete yake kwa kuitupa. José anamchoma kisu.

Ukitumia rekodi yoyote, itazame wewe mwenyewe kwanza hadi mwisho. Katika baadhi ya maonyesho wahusika huzungumza kati ya nyimbo, kama ilivyokuwa Paris mwaka 1875, na katika mengine maneno hayo huimbwa, kwa kuwa baada ya kifo cha Bizet rafiki yake Ernest Guiraud aliyatungia muziki. Wapo pia waongozaji wanaoihamisha hadithi kwenye zama na mahali pengine kabisa, wakawavisha watu wa Sevilla suti na miwani ya jua, na mgeni aliyesoma karatasi yako atakuuliza kiwanda kiko wapi.

Vifaa, umeme na mtandao

Projekta hukodishwa na watu wanaohudumia semina na sherehe. Omba yenye mwangaza wa lumeni 3,000 au zaidi, na uulize waya zote kwa majina, maana mara yangu ya pili aliyenikodishia alileta projekta nzuri bila waya wa sauti, na tulimsubiri kijana wa bodaboda dakika 40. Kwa picha yenye upana wa mita 2 utahitaji umbali wa mita 3 hadi 4 kati ya projekta na kitambaa, kwa hiyo pima sebule yako kabla ya kuahidi mtu kiti. Shuka jeupe linatosha, mradi lipigwe pasi na livutwe pande zote. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe ni bora zaidi.

Usijaribu uani. Najua usiku wa Dodoma una nyota, na picha ya watu waliokaa chini ya mwembe ni nzuri kuifikiria. Lakini upepo wa Agosti hugeuza shuka kuwa tanga, na vumbi huingia ndani ya projekta. Niliambiwa hivyo, nikabisha, nikalipa gharama ya kuisafisha.

Sauti ina uzito kuliko picha. Spika za kompyuta hazifai kabisa. Sabufa ya kawaida ya nyumbani inafaa, ila imetengenezwa kwa ajili ya muziki wa kucheza, hivyo punguza besi hadi sauti za wanaume zisikike kama watu na zisiwe ngurumo. Iweke mbele, chini ya picha, ili sauti itoke mahali anaposimama mwimbaji. Tumia waya. Ukiunganisha bila waya sauti huchelewa kidogo nyuma ya midomo, na kwa mtu anayemtazama mwimbaji usoni kuchelewa huko huudhi saa nzima.

Intaneti: onyesho la saa mbili na nusu kwa picha ya ubora wa kati hutumia GB 3 hadi 4, kwa hiyo weka akiba ya GB 5. Lijaribu siku ya Ijumaa saa ileile utakayoanzia Jumamosi, kwa sababu mtandao wa saa nne asubuhi na mtandao wa saa mbili usiku si kitu kimoja. Ukiona unasuasua, punguza ubora wa picha mapema. Wageni watasamehe sura yenye ukungu, lakini hawatasamehe wimbo unaokatika katikati ya pumzi.

Sasa LUKU. Mara ile ya kwanza José alikuwa amekwisha kushika kisu, Carmen amekwisha kuvua pete, na nyumba nzima ikawa giza. Tulitoka nje kuangalia majirani. Kwao taa zinawaka. Uniti zilikuwa zimeisha. Projekta ya kawaida hutumia wati 250 hadi 350 na sabufa chini ya hapo, hivyo usiku mzima wa opera hauzidi uniti 3, lakini siku hiyo friji, pasi na birika la umeme vilikuwa vimefanya kazi tangu asubuhi kwa ajili ya wageni. Nunua umeme Jumamosi mchana, ingiza namba kwenye mita wewe mwenyewe, usome salio kwa macho yako. Kama mnachangia mita na wapangaji wengine, nunua mara mbili ya unachodhani kinatosha.

Mwisho katika sehemu hii, mjulishe mjumbe wa mtaa na majirani wa pande zote mbili, na waalike. Onyesho la nyumbani kwa marafiki ni jambo moja. Ukitaka kukodi ukumbi na kutoza kiingilio hilo ni jambo jingine, na inakubidi kwanza kuulizia haki za onyesho hilo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kwa wenye rekodi.

Ijumaa: wageni wanafika

Kabla ya mwaka 2024 mwaliko wa namna hii ulikuwa mgumu, kwa kuwa basi kutoka Dar lilikula siku nzima na mgeni alifika akiwa na kiuno kinachouma. Treni ya SGR, iliyozinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, hufika Dodoma kwa muda usiozidi saa nne hivi, na mtu anaweza kutoka kazini Ijumaa, akapanda, akala chakula cha usiku kwako. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Angalia ya sasa unapokata tiketi. Tiketi za Ijumaa na Jumapili huisha mapema, kwa hiyo wageni wakate za kwenda na kurudi siku moja, kwa majina yaliyo kwenye vitambulisho vyao, na wafike stesheni mapema kwa sababu mizigo hukaguliwa na treni haimsubiri mtu.

Stesheni ya Dodoma iko nje ya kitovu cha jiji. Panga bajaji au gari kabla, hasa kwa wanaofika usiku. Ijumaa yenyewe iwe nyepesi: chakula cha kawaida, salamu, maji ya kuoga, karatasi za hadithi mkononi, watu walale. Usipige muziki. Utashawishika kuwaonjesha wimbo mmoja wa kesho, jizuie.

Jumamosi mchana

Asubuhi wapeleke watu watembee, kwa sababu watakaa kwenye viti muda mrefu jioni. Kupanda Mlima Simba mapema kabla jua halijakaza hufaa kwa wenye magoti mazuri, na kutoka juu wataona jiji lilivyosambaa tambarare tangu serikali ilipohamia hapa kwa kasi kuanzia mwaka 2016. Wengine waende nawe Soko la Majengo kununua zabibu, karanga na ubuyu. Anayetaka kuona michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, mwambie kwa upole kwamba ni takriban kilomita 180 kwenda tu, na kwamba michoro ile inastahili wikiendi yake yenyewe. Niliwahi kumkubalia mmoja. Alirudi saa mbili usiku na vumbi hadi kwenye kope, akakuta tumefika kilabuni.

Saa nane hadi saa kumi, watu walale. Sisemi hivi kwa utani. Lala na wewe.

Chakula kikuu kiliwe saa kumi na nusu alasiri. Mara yangu ya pili nilitaka kuwaonyesha wageni ukarimu wa nyumbani: ugali wa mtama, mlenda, nyama ya mbuzi, vyote saa kumi na mbili na nusu jioni. Walishukuru sana. Kabla sehemu ya pili haijaisha shemeji yangu alikuwa anakoroma, na alikoroma kwa sauti ya nne kwelikweli. Tangu hapo ni wali kidogo, kuku, mboga na matunda, na mbuzi husubiri Jumapili.

Kuhusu mavazi, waambie wavae kama wanaokwenda kwenye send-off ya mtu wanayemheshimu. Hakuna anayelazimishwa, lakini kitenge kilichoshonwa vizuri na kanzu iliyonyooshwa hubadilisha namna watu wanavyokaa kwenye kiti.

Usiku wenyewe

Fungua kwa maneno ya dakika tano, yasizidi. Taja majina ya wahusika wanne, waonyeshe wimbo wa Escamillo utakuja wapi, waombe wazime simu. Kisha anza saa moja kamili usiku. Ratiba inayonifaa kwa Carmen ni hii: sehemu ya kwanza, dakika 50 hivi, kisha dakika 10 za kunyoosha miguu, sehemu ya pili, dakika 45, mapumziko marefu ya dakika 40, halafu ya tatu na ya nne kwa pamoja, saa moja, bila kukata. Saa nne na nusu umemaliza, na wanaokwenda kulala kwenye nyumba za wageni bado wanapata bajaji.

Mapumziko marefu ni nusu ya raha. Weka meza: zabibu zilizooshwa, karanga, mishikaki midogo, juisi ya ubuyu kwa wasiotumia kileo, na mvinyo wa hapahapa kwa wanaotumia. Mzabibu wa Dodoma ulianzishwa na wamisionari wa Kiitaliano wa Bihawana, na mvinyo unaotengenezwa leo Hombolo na kwingineko si wa kuonea aibu, mradi ununue usio na sukari na uupoze kidogo, kwa kuwa joto la chumba chetu si joto la chumba cha Ulaya. Glasi nusu nusu. Bado kuna sehemu mbili mbele. Huu ndio wakati ambao mabishano huzuka, nawe yaache yazuke. Wageni wangu hugawanyika kila mara kati ya wanaomlaumu Carmen kwa kumharibia kijana wa watu kazi na wanaouliza ni nani aliyemtuma kijana kuacha lindo.

Watauliza kuhusu kupiga makofi. Opera inaruhusu: wimbo ukiisha, mwimbaji akishikilia kimya, makofi ni haki yake hata kama yuko kwenye shuka. Mimi huruhusu vigelegele pia. Watu wa Ulaya wenyewe kwa miaka mingi walikaa kwenye majumba ya opera taa zikiwaka, wakila na kusengenyana. Mtindo wa kuzima taa na kunyamaza ulipata nguvu baada ya Wagner kufungua jumba lake la Bayreuth mwaka 1876. Ninachokataa ni kunong'onezana wakati wa karata, na tafsiri ya sauti kutoka kwa yule mgeni ambaye kila kundi linaye, anayejua Kifaransa.

Mwishoni usiwashe taa haraka. Acha majina yapite.

Jumapili

Baada ya ibada na chai, nenda nao Chamwino, kilomita 30 hivi kwenye barabara ya Dar es Salaam, kwa wanamuziki wa Kigogo. Kipo Kituo cha Sanaa Chamwino, ambacho huandaa tamasha la muziki wa Cigogo kila mwaka, mara nyingi mwezi Julai, na wikiendi inayoangukia tamasha ina bahati yake. Wikiendi ya kawaida inakudai kupanga: wasiliana na kikundi wiki mbili kabla, kubalianeni malipo ya kikundi chote na si ya kiongozi peke yake, mwone mwenyekiti wa kijiji, na uombe ruhusa ya kurekodi mapema, maana kuna nyimbo za jando na unyago ambazo wenyewe hawapendi zizagae kwenye simu. Ukifika, salimia kwa Mbukwenyi.

Nawapeleka wageni huko Jumapili na si Jumamosi kwa makusudi. Mtu aliyetoka kusikia usiku uliopita jinsi sauti tano zinavyopishana kilabuni mwa Sevilla, akiketi mbele ya wanawake wanaopiga muheme, ngoma zimebanwa mapajani, huku waimbaji wakigawana sauti ambazo hakuna mwalimu wa kwaya aliyewafundisha, husikiliza kwa masikio yaliyokwisha kufunguka. Wataulizia zeze na ilimba, ile ya kupigwa kwa vidole gumba, na hapo waeleze habari za Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuvipeleka vyombo hivyo kwenye majukwaa ya Ulaya na kwingineko. Mara ya mwisho mzee mmoja wa kikundi alitaka naye asimuliwe tuliyoyatazama. Nilimsimulia Carmen yote kwa dakika kumi. Alinyamaza, kisha akauliza kama yule mama wa José aliyekuwa mahututi alizikwa na nani, swali ambalo sikuwahi kujiuliza na ambalo opera haijibu.

Rudi mjini mapema mle mbuzi wenu bila haraka. Anayesafiri alasiri awe ametoka nyumbani saa mbili kabla ya treni, pamoja na zabibu zake kwenye kikapu na si kwenye mfuko wa plastiki, ambao umepigwa marufuku tangu mwaka 2019. Projekta irudishwe Jumatatu asubuhi. Hesabu waya zote kabla ya kumkabidhi mwenyewe, ukianza na ule wa sauti.